Kubadilisha Saa ya Kuhesabu Hatua: Makosa Yaliyonigharimu Fedha, Kumbukumbu na Goti

Jumanne moja ya Julai 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilifika Mnara wa Saa hapa Moshi, nikainua mkono kutazama hatua zangu na kukuta kioo ni cheusi. Nilikuwa nimeichomoa saa kwenye chaji nusu saa tu kabla ya hapo. Nilisimama kando ya mzunguko, bajaji na daladala zikianza kujaa, nikikibonyeza kioo kwa kidole gumba mara baada ya mara, na machozi yakanilengalenga. Mtu asiyejua angeshangaa mama mzima kulilia kitu kidogo cha plastiki, lakini kitu kile kilikuwa kimenishika mkono katika kipindi kigumu kuliko vyote nilivyopitia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na mitano, na ninaishi Majengo. Mwaka 2018 nilipimwa sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote, ikasoma 7.8 (milimoli kwa lita), nikarudi siku nyingine, ikasoma 7.6. Kipimo cha 7.0 na kuendelea, kikirudiwa na kuthibitika, ndicho kinachoitwa kisukari. Nilianzishiwa metformin, dawa ya kushusha sukari, nikapunguziwa wanga, nikaambiwa nitembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima wote. Dawa nilimeza bila shida. Kutembea ndiko kulikonishinda, kwa sababu kila jioni niliporudi kutoka shuleni nilijiambia kwamba nimeshasimama darasani kutwa nzima na hiyo inatosha.

Desemba 2019 binti yangu wa kwanza alinizawadia ile saa, ambayo kwa kweli ni bangili nyembamba yenye kioo kidogo, aliyoinunua kwa shilingi 120,000. Wiki ya kwanza ilinionyesha ukweli ambao sikuutarajia: siku nzima ya kufundisha, pamoja na kwenda na kurudi, nilikuwa nikipata hatua 3,900. Tangu siku hiyo nilianza kutoka alfajiri, Kibo ikiwa wazi kabla mawingu hayajaifunika, na miezi mitano baadaye nilikuwa nikifika 9,000 na zaidi siku za shule. Sukari ilishuka, daktari akafurahi, nami nikaamini nambari ile kama ninavyoamini rula.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu kosa langu la kwanza lilitokea mapema sana, muda mrefu kabla saa haijazimika. Niliponunuliwa saa sikufungua akaunti kwenye programu yake ya simu. Niliichagua njia fupi ya kuitumia kama mgeni, nikiogopa kuandika barua pepe na nywila ambazo ningezisahau. Sikuelewa kwamba saa yenyewe huhifadhi kumbukumbu za siku chache tu, kisha huzimimina kwenye simu kila zinapoungana kwa Bluetooth, na kwamba bila akaunti kumbukumbu hizo hukaa ndani ya simu ile moja na si mahali pengine popote. Mwaka 2023 kijana wangu alinisaidia kusafisha simu iliyokuwa imejaa, akafuta programu kadhaa na kuzipakua upya. Zaidi ya miaka mitatu ya hatua zangu ikafutika ndani ya dakika kumi. Simlaumu mtoto, maana alifanya nilichomwomba. Nilichobaki nacho ni daftari la kliniki, ambamo kwa bahati nilikuwa nimeandika wastani wa miezi saba kwa kalamu. Kama una saa ya namna hii mkononi leo na hujui kumbukumbu zako zinakaa wapi, fungua programu jioni hii uangalie, na wastani wa kila mwezi uuandike kwenye daftari la kawaida.

Dalili za uzee wa saa zilianza mwaka huo huo. Chaji iliyokuwa ikikaa siku kumi ilianza kukaa sita, kisha mbili, na kufikia Mei 2024 ilikuwa haivuki saa nane mchana. Mkanda ulipasuka karibu na tundu la pini, nikaushona kwa uzi wa nailoni. Kioo kilififia kiasi kwamba juani ilinibidi niingie chini ya mti ili nisome. Mtu mwenye busara angetafuta saa nyingine wakati hii ya zamani bado inapumua. Mimi niliivumilia, nikaichaji asubuhi nyumbani na mchana ofisini kwa walimu, kwa sababu sikutaka kumwambia binti yangu kwamba zawadi yake imechoka.

Ilipozimika kabisa nilimpelekea fundi wa simu mjini, kijana niliyewahi kumfundisha. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," akaitazama saa chini ya taa yake, kisha akaninyooshea kidole mahali ambapo kioo kilikuwa kimeachana na fremu kwa upana wa ukucha. Betri ilikuwa imevimba ndani na kukisukuma kioo nje.

"Mwalimu, ulikuwa unaichajia wapi?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba nyumbani ninaichajia dirishani, karibu na soketi. Dirisha lile hupigwa na jua kuanzia asubuhi, na anayeijua Moshi ya Januari hadi Machi anaelewa maana yake. Akaniuliza kama huwa naiacha mpaka inazimika. Nikakiri kwamba ndivyo, na kwamba likizo ya Desemba iliyopita niliisahau kwenye droo kwa wiki nne ikiwa tupu kabisa, kwa kuwa nilikuwa kijijini Kibosho nikiuguza. Alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye kifaa kidogo cha kuchaji alijue. Betri ya lithiamu huchoka kila inapojazwa na kutumika, na nyingi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500. Lakini saa inayojazwa kila baada ya siku kumi ingehitaji miaka mingi kufikia hapo. Yangu haikuwa imefika hata mizunguko 200 ilipoanza kusumbua. Kilichoidhoofisha zaidi ni joto na kukaa tupu. Kifaa kinachowekwa kando kwa muda mrefu kinapaswa kuachwa na chaji ya nusu, mahali penye ubaridi, na kisichajiwe juani wala juu ya friji.

Alinishauri niache. Saa za aina ile zimebandikwa kwa gundi, betri zake haziuzwi kirahisi, na hata akipata inayoingia, kizuizi cha maji hakitarudi kama kilivyokuwa. Nilimsihi ajaribu. Alikipasha kioo joto kidogo, akapitisha kipande chembamba cha plastiki kando ya fremu, na waya mwembamba kama utando unaounganisha kioo na ubao ukakatika mbele ya macho yangu. Aliniambia "Pole mwalimu" kwa sauti ya huzuni ya kweli na akakataa kupokea fedha, nikamwachia shilingi 10,000 kwa muda wake. Nilitoka pale nikiwa nimejinyima hata nafasi ya kuiwasha saa ikiwa kwenye waya wa chaji na kusoma hatua za wiki ya mwisho.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonitisha kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Siku tano bila kuhesabu zilinitosha kuona mwili wangu unarudi kwenye uzembe wa zamani. Jumamosi nilipita kwa mchuuzi wa vifaa vya simu, nikaonyeshwa saa yenye kioo kikubwa, rangi nzuri, kasha lenye nembo ya kampuni inayojulikana, kwa shilingi 35,000. Mchuuzi aliniambia inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, presha, na sukari. Niliposikia neno sukari, masikio yalisimama. Nilimuuliza, "Sukari bila kujichoma kidole?" Akanijibu, "Bila hata tone la damu, mama." Nililipa kwa simu pale pale, sikupewa risiti wala sikuidai.

Kwa siku tisa niliacha kujichoma kidole. Stripu za kupimia zina bei, vidole vyangu vilikuwa vimechoka kwa miaka sita ya kutobolewa, na saa ilinionyesha kila asubuhi nambari tamu: 5.4, 5.6, 5.5. Nilianza kujiruhusu. Nilirudisha sukari kijiko kimoja kwenye chai, nikala ndizi mbivu baada ya chakula cha mchana. Siku ya tisa nilipata kiu isiyokatika na macho yakawa na ukungu nikiwa ubaoni. Nilipofika nyumbani nilitoa kipima sukari changu cha zamani kwenye kabati, nikajichoma: 13.2. Niliitazama saa. Ilisoma 5.7. Nilikaa kitandani nikiwa na vitu viwili mkononi, kimoja kikiniambia niko salama na kingine kikiniambia niko hatarini, nikatambua kwamba kwa siku tisa nilikuwa nimemwamini mwongo.

Nilipokwenda kliniki muuguzi alinisikiliza bila kunikaripia, akaniambia si mimi wa kwanza. Baadaye binti yangu alinitafutia taarifa iliyotolewa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwezi Februari 2024, miezi mitano kabla ya ununuzi wangu, ikiwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa mamlaka hiyo haikuwa imeidhinisha hata kifaa kimoja cha namna hiyo. Vipo vifaa halali vya kufuatilia sukari mfululizo vinavyoweza kutuma matokeo kwenye saa, lakini hivyo vina kihisi chembamba kinachopenya na kukaa chini ya ngozi. Saa yenyewe huonyesha tu kile kihisi hicho kilichosoma. Naomba sana, ndugu msomaji mwenye kisukari au mwenye mzazi mwenye kisukari: saa ya mkononi ikiandika sukari bila kitu chochote kilichopenya ngozi yako, usiile ndizi kwa sababu ya nambari hiyo, wala usibadilishe dozi ya dawa yako kwa ajili yake.

Kuhusu hatua, saa ile nayo ilikuwa na walakini wake. Usiku mmoja niliivua nikaiweka mezani ikiwa inasoma 2,140. Asubuhi niliikuta inasoma 2,610, na mezani hapakuwa na mtu wala paka. Watu wengine huijaribu saa kwa kuivika ndizi au taulo lililokunjwa na kuona kama itasoma mapigo ya moyo. Jaribio hilo si la haki, kwa sababu kihisi cha mapigo hufanya kazi kwa kumulika mwanga wa kijani na kupima unaorudi, na hata saa nzuri huweza kudanganyika na kitu kinachorudisha mwanga. Jaribio la meza kwa usiku mmoja ni bora zaidi: saa iliyotulia isiongeze hatua.

Nilirudi kwa mchuuzi. Kwa kuwa sikuwa na risiti, mazungumzo yalikuwa mafupi. Hapa nataka nieleze tofauti ambayo sikuwa nimeifikiria. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini Juni 2016, wengi wetu tumezoea kuangalia IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, kwa kubonyeza *#06# na kuituma kwenda 15090 kabla ya kulipa. Saa isiyo na laini haina namba hiyo. Hakuna mahali pa kuituma. Kinga pekee niliyobakiwa nayo ni duka lenye mlango, risiti ya EFD (mashine ya kodi) iliyoandikwa jina la kifaa, na dhamana yenye muhuri, na yote matatu niliyaruka kwa tamaa ya kuokoa shilingi elfu chache.

Nilipumzika wiki mbili kabla ya kununua tena, na safari hii niliandika mahitaji yangu kwenye daftari kabla ya kuingia dukani. Nilitaka kitu cha kuhesabu hatua. Mambo mengine yote yangekuwa nyongeza. Nilitaka kioo kinachosomeka juani, kwa kuwa nusu ya matembezi yangu ni mchana, na dukani nilimwomba muuzaji tutoke naye barazani tukitazame nje. Nilitaka mkanda unaobadilishwa, wenye matundu ya kutosha kwa mkono mwembamba kama wangu, kwa sababu saa inayolegea hukosea. Nilitaka chaji ikae wiki nzima. Kuhusu maji, nilijifunza kwamba alama ya 5 ATM inamaanisha kifaa kilijaribiwa kwa shinikizo la kina cha mita 50 kikiwa kimetulia, kikiwa kipya. Maji ya moto, sabuni na miaka huilegeza mipira inayozuia maji, kwa hiyo tabia yangu ya kuoga na ile saa ya zamani kila siku nayo ilikuwa imechangia kuichosha.

Jambo ambalo lingenikwamisha kama si muuzaji makini ni simu. Niliyempata alikuwa dada mtaratibu ambaye, kabla hata sijataja bei, aliniambia, "Mwalimu, nipe kwanza simu yako niione." Akaingia kwenye mipangilio, akasoma toleo la Android, kisha akasoma kasha la saa niliyoichagua. Simu yangu ilikuwa ya zamani kuliko kiwango ambacho programu ya saa ile iliomba. Ningenunua, ningefika nyumbani, na saa isingeungana na chochote. Alinishusha kwenye aina nyingine ya shilingi 95,000 ambayo programu yake ilikubali simu yangu, akaipakua pale pale, akaiunganisha, akanitembeza hatua ishirini mbele ya duka kuona kama inahesabu, kisha akanipa risiti na dhamana ya miezi sita. Kama unakwenda kununua, nenda na simu utakayotumia, ikiwa na chaji na bando, na usiondoke dukani kabla viwili hivyo havijashikana.

Nikaamini mateso yamekwisha. Siku ya kwanza kamili ya shule, nikiwa nimetembea njia ileile ya asubuhi na ileile ya jioni, saa mpya ilisoma 7,300. Daftari la kliniki lilisema siku kama hiyo nilikuwa nikipata kati ya 9,000 na 9,800. Siku ya pili 7,150. Siku ya tatu 7,420. Sikuwaza hata mara moja kwamba ni saa ndizo zinazotofautiana. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyelegea, kwamba zile wiki za mkanganyiko zimenila. Nikaamua kuzifukuzia hatua zilizopotea, na lengo la siku nikalipandisha hadi 10,000. Kila jioni nilikuwa nikipandisha kuelekea Shanty Town na kusonga hadi karibu na hospitali ya KCMC, njia ambayo kwa macho ni tambarare lakini miguu inajua kwamba mji wetu wote umeegemea mlima. Siku ya kumi na moja goti la kulia lilivimba. Nilitembea nikichechemea kwa wiki tatu, na nilifundisha nikiwa nimekaa, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika miaka yangu ya kazi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenihudumia aliniuliza ile 10,000 imetoka wapi. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba ilitoka Japani, ambako mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliuzwa mashine ndogo ya kiunoni iliyoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, lenye nambari inayokaa vizuri mdomoni. Akanitajia pia utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na I-Min Lee wa Harvard na wenzake, walioifuatilia idadi ya hatua za wanawake wa Marekani wapatao 17,000 wenye wastani wa miaka 72: waliofikia kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa wazi kuliko waliobaki karibu na 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Mimi ni mdogo kuliko wanawake wale, na hesabu ya mwili wangu si lazima iwe yao, lakini nilipolinganisha 7,500 na ile 7,300 iliyonifanya niumize goti, nilinyamaza kwa muda.

Goti lilipopona niliamua kujua ukweli wa saa yangu kwa njia ya bibi. Nilichukua punje kumi za maharage, nikaziweka mfuko wa kulia wa sweta. Nilianza kutembea kwenye kipande kilichonyooka, nikihesabu kimoyomoyo, na kila nilipofika mia nilihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Punje ya kumi ilipohama nilisimama: hatua 1,000 za kweli. Saa ilisoma 982. Nilirudia kesho yake, ikasoma 991. Saa mpya ilikuwa ikisema kweli.

Ya zamani je? Sikuweza tena kuijaribu, lakini jikoni nilipata fununu. Saa haioni miguu. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo kinachosikia mkono ukichezacheza, na programu hukisia ni mchezo upi unafanana na hatua. Nikakumbuka kwamba ile ya zamani ilikuwa ikiniongezea mamia nikisonga ugali, nikifua, nikipiga deki, hata bajaji ikipita kwenye barabara yenye mashimo, na nilikuwa nikifurahi bila kuuliza. Hii mpya inasubiri kwanza isikie hatua kadhaa zinazofuatana ndipo ianze kuhesabu, hivyo mwiko hauipati. Ina udhaifu wake pia: nilipobeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka kituoni hadi nyumbani, mkono wa saa ukiwa umeushikilia, iliandika hatua 60 kwa safari ambayo si chini ya 400. Ukisukuma toroli au ukishika mwavuli kwa mkono huo, matokeo ni hayo hayo. Basi ihamishie mkono mwingine, au isamehe.

Kwa hiyo nambari za saa mbili hazilinganishwi moja kwa moja, hata kama zote ni nzima. Kama ningenunua mapema, Mei, ningezivaa zote mbili kwa wiki moja, moja kila mkono, na ningejua kwamba 9,500 ya zamani ni kama 7,300 ya sasa, na goti langu lisingejua lolote. Kwa kuwa sikufanya hivyo, nilianza upya: wiki mbili za kutembea kama kawaida yangu bila lengo lolote, nikaandika kila jioni, nikatoa wastani, ukawa 6,800. Hapo nikaongeza hatua 300 kwa wiki, na nikasimama nilipofika 7,500. Kwenye programu niliingiza urefu wangu halisi na kuchagua mkono wa kushoto, kwa kuwa ninaandika ubaoni kwa wa kulia. Akaunti nilifungua, na nywila nimeiandika nyuma ya daftari lile la kliniki.

Binti yangu nilimweleza yote Krismasi alipokuja. Alikuwa akijua zamani kwamba saa imechoka; aliuona ule uzi wa nailoni kwenye picha niliyomtumia Pasaka, akasubiri niseme. Ile ya zamani fundi aliniomba nisiitupe jalalani wala kwenye moto wa takataka, kwa kuwa betri iliyovimba huweza kulipuka ikichomwa au ikitobolewa. Aliipokea akaiweka kwenye ndoo yake ya mchanga pamoja na nyingine za simu. Mkanda wenye uzi nilibaki nao.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi natoka na punje zangu kumi. Mara ya mwisho zilipohama zote, saa ilisoma 987.